Grei nyepesi ama ile ya bluu iliyokolea? Vile tuliamua ukuta wa sebule

Wacha niweke jibu hapa juu ndio usisumbuke kushuka mpaka chini: tulichukua ile nzito. Grei ya bluu iliyokolea, na hatukuipaka ukuta mmoja wa nyuma ya tiivii vile watu hufanya, tulizungusha sebule yote. Kila mtu nilimwambia alishtuka juu nyumba yetu tayari ina giza, na ushauri utapewa na kila mtu, kuanzia shangazi hadi jamaa wa hadiwea, ni ati nyumba ya giza unaipaka rangi nyeupe nyeupe ndio ipate mwanga. Mimi nasema si mara zote, na kuna nyumba nyingi sana hapa Nairobi zenye hiyo kanuni haizifai.

Kwanza ujue nyumba yenyewe. Tuko Donholm, flati ya kupanga, naishi na sista yangu mdogo tunagawana renti. Sebule iko na dirisha moja kubwa, ni kubwa kweli, lakini linaangalia flati ya jirani ambayo imejengwa karibu hadi jioni najua wanapika nini. Mwenye hiyo flati aliipaka machungwa, ile machungwa ya kelele. Sasa hapo katikati ya hizo flati mbili jua lenyewe huingia kidogo tu mchana likiwa juu ya kichwa, masaa mengine yote mwanga unaopata ni wa mkono wa pili, umegonga kwanza ukuta wa jirani ndio ukaja kwako. Ukuta wetu ulikuwa krimu, ile krimu ya kila nyumba ya kupanga, imechoka.

Sista alikuwa ametaka ile nzito tangu mwanzo juu ya picha za Instagram. Mimi sikuwa na upande, nilitaka tu rangi haitanichosha, lakini pia sikutaka tuamue kwa picha ya sebule ya mtu wa Denmark mwenye madirisha ya futi kumi.

Na hapo ndio kuna shida na ushauri wa mtandaoni. Utaambiwa chumba kinachoangalia kaskazini kina mwanga baridi so usipake grei, na cha kusini kina jua so paka chochote. Hiyo ni ya watu wa Uingereza na Marekani, huko jua likiwa juu kabisa mchana bado liko upande wa kusini mwaka mzima. Sisi hapa tuko digrii 1 na kitu kusini mwa ikweta, jua linapita juu ya kichwa mara mbili kwa mwaka, karibu katikati ya mwezi wa 3 halafu tena mwisho wa mwezi wa 9. Kuanzia Septemba hadi Machi linaegemea kusini, Machi hadi Septemba linahamia kaskazini, na ata Juni likiwa limeenda mwisho wake bado mchana liko juu sana. Kwa hivyo kwetu kaskazini na kusini hazina ugomvi mkubwa. Kitu inaamua ni mashariki na magharibi, juu dirisha la mashariki linapigwa na jua la asubuhi na la magharibi linachomwa kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, na kabla hujafika huko kote unauliza kama kuna flati mbele ya dirisha. Yetu iko. Halafu kuna Julai, Nairobi Julai ni mawingu tu, ata mwenye dirisha la mashariki anaweza kukaa siku nyingi bila kuona jua la maana.

Sasa vile tulijaribu. Hadiwea tulienda hawakuwa na makopo madogo ya kujaribu, lita moja ndio ndogo kabisa mashine yao inachanganya, so tukanunua lita ya kila moja, halafu nikapitia duka la vitabu nikachukua manila, zile kubwa nyeupe za kuchora chati za shule. Ukipaka rangi ya kujaribu moja kwa moja kwa ukuta wa krimu jicho lako linalinganisha na krimu na linakudanganya, lakini kwa manila unaacha ukingo mweupe pande zote, unapaka koti mbili, unangoja ikauke kabisa (rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa ikikauka, usianze kulia mapema), halafu unaibandika na tepu na unaihamisha. Kando ya dirisha. Kona ya nyuma. Kando ya mlango. Nyuma ya kochi. Hii ya kuhamisha ndio muhimu, rangi moja kwa chumba kimoja si rangi moja.

Jumamosi mchana grei nyepesi kando ya dirisha ilikuwa tamu, nakubali. Safi, tulivu, ata sista akanyamaza. Ilipofika saa tisa hivi jua likaanza kupiga ukuta wa jirani na ile machungwa yote ikaingia kwetu, grei yetu ikawa pinki ya kuchafuka, si pinki, si grei, kitu tu. Nikaihamisha kona ya nyuma. Hapo haikuwa na rangi kabisa. Fundi alikuwa amekuja kupima akaiangalia akasema, "Madam, hii ukimaliza watu watauliza utapaka lini, imekaa plasta." Na alikuwa amesema ukweli wote kwa sentensi moja.

Ile nzito kwa hiyo kona ikakaribia kuwa nyeusi lakini ilikuwa na uzito, ilionekana ni kitu mtu amechagua. Kando ya dirisha saa tisa ilishika machungwa kidogo, ukiangalia sana, lakini ikabaki bluu.

Kuna sababu na iko kwa namba. Kampuni kadhaa za rangi huweka kwa kadi namba ya LRV, kati ya 0 na 100, na maana yake ni asilimia ya mwanga ambayo hiyo rangi inarudisha, 0 ni nyeusi kabisa na 100 ni nyeupe kabisa. Ile nyepesi yetu ilikuwa 62, ile nzito 13. Sasa watu wakisikia hivyo wanasema si unaona, chukua 62. Lakini rangi haitengenezi mwanga, inarudisha tu ule umeingia, na ukiingia kidogo na umeshalowa machungwa ya jirani, basi hiyo 62 inakurudishia machungwa ya jirani na uchache wake. Grei nyepesi inaishi kwa vivuli, upande huu mwangaza, upande ule kivuli, ndio inapata uzuri. Mahali hakuna jua hakuna vivuli, inalala tu. Ile ya 13 haitegemei sana mgeni, inakuja na rangi yake.

Lakini kitu kiliamua kabisa si mchana. Sisi tunatoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi juu ya jam ya Jogoo Road, tunarudi saa mbili usiku, wakati mwingine saa tatu. Hiyo sebule tunaiona mchana wikendi tu, na ata Jumapili kuna kanisa. Ukuta tunaishi nao ni ukuta wa usiku, wa balbu, na ukiangalia vizuri hivyo ndivyo wengi wetu hapa Nairobi tunaishi, tunachagua rangi Jumamosi saa saba mchana dukani halafu tunakaa nayo saa tatu usiku.

So angalia balbu yako kabla uchague rangi. Kwa boksi kuna namba yenye K mwishoni, inaonyesha mwanga wake ni wa rangi gani. Zile 6500K ndio zimejaa kila duka, nyeupe ya kuelekea bluu, na chini ya hiyo grei nyepesi yetu iligeuka baridi ya hospitali na nzito ikakaa ofisi ya mtu anakudai. Nikabadilisha nikaweka 3000K, ile ya njano ya kutulia. Nyepesi ikarudi krimu. Kabisa! Yaani ungelipa fundi, rangi, msasa, halafu usiku unarudi kwa krimu uliyokuwa unaikimbia. Nzito ilipoteza bluu kidogo ikawa na joto fulani, na sista akasema, "Si nilikuambia," na sikumjibu.

Ni kweli ukuta mzito unakula mwanga na itabidi uongeze taa. Tuliongeza taa mbili, ya kusimama kando ya kochi na ndogo ya kabati la tiivii, na watu wakaanza habari za tokeni. Piga hesabu: balbu ya LED ya wati 9 ukiiwasha masaa 5 kila siku kwa siku 30 ni yuniti 1.35. Pasi ya nguo inamaliza hiyo kabla wiki iishe.

Mahali utalipa kweli ni kwa rangi yenyewe. Fundi aliniambia mapema, "Hii ya kuiva inakula rangi, madam, usinipee makopo mawili uniambie ni mimi nimeiba." Nilimuuliza kwa nini akanieleza vizuri kuliko duka. Mashine inaanza na besi, yaani rangi ya msingi kabla haijatiwa rangi uliyochagua, na besi ya rangi nyepesi imejaa ile poda nyeupe, titanium dioxide, ndio inafunika ukuta. Ukitaka rangi iliyokolea wanatumia besi nyingine yenye hiyo poda kidogo sana, juu wakiweka nyingi rangi haiwezi kukolea, itabaki maziwa. So inakuja na rangi nyingi lakini kufunika ni kazi. Sebule yetu ni mita 4 kwa 3.5, ukuta mita 2.7 kwenda juu, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita za mraba 35. Lita moja ya rangi ya maji kwa ukuta laini inafika mita 10 hivi kwa koti moja. Nyepesi koti mbili ni lita 7, makopo mawili ya lita 4 yanatosha na inabaki. Nzito juu ya krimu alisema koti tatu, lita 10 na nusu, makopo matatu, na kwanza andakoti, ile koti ya chini kabla ya rangi yenyewe, ambayo alitaka itiwe grei badala ya nyeupe ndio isipigane na rangi ya juu. Makopo yote matatu akayamwaga kwa ndoo moja ya lita 20 akakoroga pamoja, juu mashine ni mashine lakini kopo na kopo zinaweza kutofautiana kidogo na kwa rangi nzito utaona ule mstari mpaka uhame.

Kitu sikutegemea ni milango. Milango yetu ni ya mbao na vanishi ya kahawia ya kuelekea machungwa, zile za kila flati, na tailsi za chini ni krimu. Manila ya grei nyepesi karibu na tailsi ilitoa zambarau. Naapa haikuwa na zambarau dukani. Hii ina historia yake: Ufaransa kulikuwa na mkemia anaitwa Michel Eugène Chevreul, alikuwa anasimamia kutia nyuzi rangi kwa karakana ya Gobelins pale Paris, wanafuma mazulia ya ukutani, na watu walikuwa wanalalamika nyuzi nyeusi zimepauka. Akazipima akaona ziko sawa kabisa, shida ni rangi zilizowekwa kando yake, jicho linasukuma rangi mbili zilizokaribiana ziwe mbali zaidi. Alichapisha hayo mwaka wa 1839. So grei isiyo na msimamo ukiiweka kando ya krimu ya njano inasukumwa kwa zambarau, na bluu ukiiweka kando ya mbao ya machungwa zote mbili zinanawiri. Mum alikuja kututembelea baada ya kazi kuisha, na huyu ndiye nilimuonyesha manila kwa simu akasema, "Mwanangu, sasa hiyo ni nyumba ama ni lori?" Aliingia, akakaa, akaangalia huku na huku, halafu swali lake la kwanza ni tulinunua milango lini.

Bado kuna mambo ya kukera, nisikudanganye. Ukuta mzito unaonyesha kila kitu cheupe: vumbi la msasa, kucha za mtu akitafuta swichi gizani, mbu. Mbu ukimpiga kwa ukuta mwepesi unaona damu, kwa mzito unaona ile poda yake ya kijivu, chagua yako. Matope ni hadithi nyingine, huku Eastlands udongo wetu ni ule mweusi wa kushikana na kiatu na ukuta mzito hauujali, lakini ukiwa upande wa Kabete wenye udongo mwekundu na watoto, aki sijui, hiyo nyekundu inaonekana kwa kila kitu. Kama nyumba iko chini kabisa na ukuta unatoa chumvi, zile alama nyeupe za unyevu zinazomea kutoka ndani, usiguse rangi nzito mpaka ijulikane maji yanatoka wapi, juu chumvi kwa grei nyepesi inajificha miezi kadhaa lakini kwa bluu utaiona asubuhi ya kwanza.

Na usiiweke ya kung'aa. Fundi wengi watakupa silk vinyl juu inaoshwa, na kwa rangi nyepesi sina neno, lakini nzito ya kung'aa inaonyesha kila wimbi la plasta, na plasta ya nyumba za kupanga ni bahari. Tulichukua ya matt, isiyong'aa, inayoweza kupanguswa. Nayo ina kasoro yake, mahali kochi linagusa inabaki alama ya kusuguliwa, so kochi limesogea mbele kidogo, na hiyo nafasi ya nyuma sista anaweka ubao wa pasi.

Sasa deposit. Hii ndio sababu ya kweli ya kuchukua grei nyepesi na hakuna mtu huitaja kwa zile video. Keyateka alikuja akasimama mlangoni akaangalia ile koti ya kwanza, akasema taratibu, "Madam, mkitoka hii itarudishwa krimu." Nikamwambia najua, na tayari nilikuwa nimeandikiana na mwenye ploti kwa WhatsApp akakubali kwa maandishi, na hiyo meseji nimeiweka mahali salama. Kurudisha krimu juu ya bluu iliyokolea ni andakoti nyeupe na koti mbili, pengine tatu, na fundi wa siku hiyo hatakuonea huruma. Kutoka grei nyepesi ni koti mbili na unaenda zako. So kama wewe ni mtu wa kuhama kila mwaka, ama mwenye ploti yako huwa anakata deposit kwa msumari wa kalenda, achana na mimi, paka nyepesi, tafuta yenye joto kidogo ndani yake isiyoelekea bluu, na uweke pesa kwa balbu na mapazia. Na kama una dirisha la mashariki lisilozibwa na mtu, pia paka nyepesi, na usinisikilize kabisa, utafurahia kila asubuhi.

Hiyo ndio inatuleta kwa chumba changu cha kulala, kinaangalia mashariki, juu ya paa za maduka ya mabati, jua la saa moja linaingia mpaka kitandani. Sista anataka tuendelee na bluu ati nyumba ifanane. Mimi nimekataa. Lita ya grei nyepesi ya kujaribu bado iko chini ya sinki, imebaki zaidi ya nusu, na ile stika ya mashine yenye fomyula nimeibandika ndani ya kabati la jikoni ndio nikienda kuongeza wachanganye ileile. Nimempigia fundi. Amesema anakuja Jumamosi, hakusema Jumamosi ya lini.